Venezia, Firenze au Mantova: uende wapi kuusikia muziki wa Italia ndani ya kuta zake

Anayetaka kuujua muziki wa zamani wa Italia, awe anafunga safari au anasikiliza nyumbani kwa hedifoni, kwa kawaida huanza na majina ya watunzi. Njia hiyo huchosha haraka. Muziki wa karne ya 15 hadi ya 17 ulitungwa kwa ajili ya majengo mahususi, mengi bado yamesimama, na mtunzi alipoandika noti alijua sauti itagonga ukuta gani na itarudi baada ya muda gani. Kwa hiyo chagua jengo kwanza. Mtunzi atakuja mwenyewe.

Tunalinganisha miji mitatu. Roma tumeiacha kwa makusudi, maana ni kubwa mno kwa mtu mwenye siku nne. Milano na Napoli tutazigusa kwa ufupi, kwa ajili ya wapenzi wa opera.

Kabla ya kuchagua, uelewe mwangwi

Muda ambao sauti inabaki ikielea ndani ya jengo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi: zidisha ujazo wa jengo (mita za ujazo) kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa sauti (mita za mraba). Tuchukue mfano wa kanisa la mawe lenye ujazo wa mita za ujazo 50,000 na ufyonzaji wa mita za mraba 1,600. Jibu ni sekunde 5. Mwimbaji akitamka silabi mbili kwa sekunde, silabi ya kwanza bado inanong'ona juu darini wakati ya kumi inatoka mdomoni.

Sasa waingize watu 1,000. Mtu mmoja aliyevaa nguo hufyonza sauti kama nusu mita ya mraba hivi, basi ufyonzaji unapanda hadi karibu 2,100 na mwangwi unashuka chini ya sekunde 4. Kanisa lilelile, kwaya ileile, na sekunde nzima imeondoka. Ndiyo maana kanisa unalolizuru mchana likiwa tupu si kanisa alilolifikiria mtunzi. Yeye alitunga kwa ajili ya sikukuu, watu wamejaa na mazulia yametundikwa ukutani. Kumbuka hesabu hii kila unaposoma kwamba jengo fulani lina “sauti nzuri”. Swali la kuuliza ni: nzuri kwa nani, na likiwa na watu wangapi?

Venezia: sauti zinazojibizana

Basilika la San Marco ndilo jengo la kwanza kumtajia yeyote mwenye kwaya. Lina umbo la msalaba wenye mikono inayokaribiana kwa urefu, kuba tano, na michoro ya vipande vya vioo na dhahabu inayofunika zaidi ya mita za mraba 8,000. Wageni huitazama michoro ile kama picha tu, lakini ina kazi nyingine: kioo ni kigumu, hakimezi sauti. Kila kuba ni bakuli la kioo lililoinamishwa juu ya waimbaji.

Adrian Willaert alishika uongozi wa muziki hapo mwaka 1527 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1562. Mwaka 1550 zilichapishwa zaburi zake za kwaya mbili zinazopokezana. Andrea Gabrieli akaja kupiga kinanda cha mabomba (ogani) kuanzia 1566, kisha mpwa wake Giovanni Gabrieli kuanzia 1585 hadi kifo chake mwaka 1612. Jalada la Giovanni la mwaka 1597 lina kipande kiitwacho Sonata pian e forte chenye sauti nane katika makundi mawili: kundi la kwanza korneto moja (ala ya kupuliza ya mbao) na tromboni tatu, la pili fidla moja na tromboni tatu. Ni miongoni mwa vipande vya mwanzo kabisa kuandikiwa ala gani ipige na wapi ipige kwa nguvu au kwa upole. Namna ya kupata nguvu ni rahisi kabisa: makundi yote mawili yapige pamoja. Kundi moja likipiga peke yake, ni upole. Mtunzi hasukumi sauti, anafungua na kufunga milango.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya wageni bado vinalikosea. Wanasema kwaya zilisimama mbali, kila moja kwenye roshani ya kinanda chake, moja kushoto na nyingine kulia, na muziki ukaruka juu ya vichwa vya waumini. Ushahidi unaelekeza karibu zaidi na altare. Msanifu Jacopo Sansovino alijenga vijukwaa viwili vya waimbaji eneo la altareni, kimoja miaka ya 1530 na kingine miaka ya 1540, vimepambwa kwa nakshi za shaba za maisha ya Mtakatifu Marko. Doge, mtawala wa jamhuri, alikaa hapohapo. San Marco haikuwa kanisa kuu la mji hadi mwaka 1807, ilikuwa kanisa la doge, na muziki ulipangwa kwa ajili ya masikio yake. Aprili 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walileta kwaya ya St John's College kuimba katika makanisa kadhaa ya Venezia na kupima sauti. Waliokuwa karibu na altare walisikia kila mstari. Waliokuwa nyuma walipata ukungu mtamu usio na maneno.

Funzo kwa mgeni ni moja: kaa mbele. Ingia wakati wa ibada, siyo wakati wa utalii. Misa kuu ya Jumapili asubuhi ndiyo yenye kwaya. Thibitisha saa siku moja kabla, fika nusu saa mapema, funika mabega na magoti, begi kubwa liache ulikofikia. Wanaoingia kusali hawalipi, ila hawaruhusiwi kuzungukazunguka wala kupiga picha.

Ukiwa bado Venezia, vuka hadi San Francesco della Vigna, mtaa wa Castello, kanisa ambalo watalii wachache hulifikia. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1534. Mwaka uliofuata mtawa Francesco Zorzi aliandika waraka wa kurekebisha vipimo vyake kwa kufuata muziki: ukumbi mkuu uwe na upana wa hatua 9 na urefu wa hatua 27, vikanisa vya pembeni upana wa hatua 3, na sehemu ya altare urefu 9 kwa upana 6. Kwa msomaji wa sol-fa hili linasomeka mara moja. Uwiano wa 1 kwa 2 ni do hadi do ya juu, yaani oktavu. 2 kwa 3 ni do hadi so. Sasa 9 kwa 27 igawe kwa kupitia 18: kutoka 9 hadi 18 ni do hadi do, kutoka 18 hadi 27 ni do hadi so. Ukumbi mzima ni so iliyo juu ya oktavu. Sehemu ya altare, 6 kwa 9, ni do hadi so tupu.

Zorzi hakuishia kwenye namba. Alishauri vikanisa na sehemu ya waimbaji viezekwe kwa matao, maana wimbo hurudi vizuri kutoka kwenye tao, lakini ukumbi wa mahubiri uwe na dari bapa lenye vibweta ili maneno ya mhubiri yasitawanyike. Hiyo ni akili ya fundi: jengo moja, dari mbili, kwa kazi mbili.

Tahadhari ya mwisho kuhusu Venezia ni kanisa la Pietà kwenye ukingo wa maji, ambalo hutangazwa kama kanisa la mtunzi Vivaldi. Ni kweli Vivaldi alianza kazi mwaka 1703 katika taasisi ya mabinti yatima iliyokuwa hapo, lakini alifariki Vienna mwaka 1741, na kanisa unaloliona leo lilijengwa na Giorgio Massari kuanzia 1745. Sauti yake ni nzuri. Nenda kwa ajili ya hiyo. Usitarajie kusikia kuta alizozitungia yeye.

Firenze: macho yanayosikia

Firenze ni mji wa anayependa picha, sanamu na hesabu. Kwa sikio tupu, kati ya mitatu ndiyo inayotoa kidogo zaidi. Kanisa kuu, Santa Maria del Fiore, lina urefu wa zaidi ya mita 150 na kuba yenye kipenyo cha kama mita 45. Mwangwi wake ni mzito kiasi kwamba kwaya ya sauti nyingi ikiimba haraka unabaki na mngurumo tu.

Tukio kubwa hapa ni tarehe 25 Machi 1436. Papa Eugenio IV aliliweka wakfu kanisa, kuba ya msanifu Brunelleschi ikiwa karibu kukamilika na kile kinara cha juu bado hakijajengwa, na Guillaume Dufay, mwimbaji wa kanisa la papa, alitunga Nuper rosarum flores kwa siku hiyo. Ina sauti nne. Mbili za juu zinaimba peke yake kwanza, kisha sauti mbili za chini, ziitwazo tenor, zinaingia na wimbo wa zamani wa kuweka wakfu kanisa, zikipishana kwa umbali wa do hadi so. Mpango huo unarudiwa mara nne, na urefu wa sehemu hizo nne unafuata uwiano wa 6, 4, 2, 3.

Mwaka 1973 mtafiti wa muziki Charles Warren aliandika kwamba uwiano huo ni vipimo vya kanisa lenyewe. Wazo likapendwa mno, na mpaka leo waongoza wageni wanalirudia. Mwaka 1994 mtafiti mwingine, Craig Wright, alionyesha kwamba vipimo vya Firenze havilingani hivyo, na kwamba 6, 4, 2, 3 zinapatikana mahali ambapo kila padre wa zama zile alizijua: Hekalu la Sulemani katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, urefu dhiraa 60, ukumbi wake 40, upana 20, kimo 30. Sisi tunamfuata Wright bila kusita. Na tazama inavyogeuza uchaguzi wako: anayetaka jengo ambalo uwiano wa muziki umeandikwa kwa wino kwenye hati yake, aende Venezia kwa Zorzi, siyo Firenze.

Kwa nini basi uende Firenze? Kwa sababu ya roshani mbili za marumaru za waimbaji. Ya mchongaji Luca della Robbia ilichongwa kati ya 1431 na 1438, ya mwenzake Donatello kati ya 1433 na 1439, na zilikaa juu ya milango ya sakristia mbili, zikitazamana. Mwaka 1688 ziliondolewa kwa ajili ya arusi ya ukoo wa Medici, watawala wa Firenze. Leo ziko katika Museo dell'Opera del Duomo, nyuma ya kanisa. Luca alichonga Zaburi ya 150 mstari kwa mstari: tarumbeta, vinubi, ngoma, matoazi, watoto wanaoimba wakishikana mabega na kusoma kitabu kimoja. Angalia midomo. Wengine wamefungua wazi, wengine nusu, mmoja anakunja uso kama anayetafuta noti. Mwalimu wa kwaya atawatambua wote. Donatello hakupiga msasa namna hiyo. Watoto wake wanakimbia nyuma ya nguzo, na jiwe limeachwa na ukali wake. Sababu ni umbali. Kazi ile ilitengenezwa itazamwe kutoka chini, kwenye mwanga hafifu, na ukirudi nyuma hatua kumi utaona ya Donatello inatembea wakati ya Luca inatulia. Fanya hivyo kabla hujasoma maelezo ya ukutani.

Kosa la pili la wageni wa Firenze hutokea Galleria dell'Accademia. Wanapanga foleni kumwona Daudi wa Michelangelo, kisha wanatoka bila kuingia chumba cha ala za muziki kilicho ndani ya jengo hilohilo, kwa tiketi ileile. Humo kuna viola (fidla kubwa) ya fundi Stradivari ya mwaka 1690 iliyotengenezwa kwa ajili ya Medici, na kinanda cha umbo la yai cha Bartolomeo Cristofori cha mwaka huohuo. Cristofori ndiye aliyebuni piano hapo Firenze mnamo 1700, na mtu mwenye nia ya kuelewa ufundi wa mbao na nyuzi anaweza kumaliza saa mbili bila kuchoka.

Mantova: chumba na neno

Mantova ni mji mdogo uliozungukwa na maziwa. Unaumaliza kwa miguu, na kwa kawaida malazi yake ni nafuu kuliko ya ile miwili. Wengi wanaupita. Kwa mwimbaji wa peke yake ndio tunaoutanguliza.

Tarehe 24 Februari 1607, ndani ya jumba la watawala wa ukoo wa Gonzaga, ilionyeshwa Orfeo ya Claudio Monteverdi, opera (mchezo wa kuimbwa) kuhusu mwimbaji anayeshuka kuzimu kumfuata mkewe aliyekufa. Mwenyewe aliandika kwenye maneno ya kuiwasilisha nakala iliyochapwa mwaka 1609 kwamba jukwaa lilikuwa finyu. Ufinyu huo ndio siri. Katika chumba cha kawaida cha jumba, chenye mbao, mapazia na watu waliosongamana, mwangwi ni mfupi, na kila konsonanti inafika. Mwimbaji anaweza kusema wakati anaimba. Muziki wa namna hii ukiupeleka San Marco unakufa. Na zaburi za kwaya mbili ukizileta chumbani zinapiga kelele.

Orodha ya ala iliyochapwa mwanzoni mwa Orfeo ni somo la kupaka rangi kwa sauti. Vinanda vya nyuzi viwili, vinanda vidogo vya mabomba ya mbao viwili, kinubi cha safu mbili, viola kumi za mkononi, tromboni nne, na regali, yaani kinanda kidogo chenye sauti ya kukwaruza. Hadithi inapofika kuzimu, nyuzi zinanyamaza na tromboni pamoja na regali zinaingia. Charon, mvusha roho, anaimba juu ya mkwaruzo huo. Katika wimbo ambao Orfeo anamwomba ampitishe, fidla mbili zinajibizana, kisha korneto mbili, kisha kinubi: ala moja inasema, ya pili inarudia kama mwangwi. Sikiliza vizuri hapo. Chumba hakikuwa na mwangwi, kwa hiyo Monteverdi akauandika. Mwaka 1613 mtu huyohuyo alihamia San Marco kuongoza muziki hadi kifo chake mwaka 1643, akapewa bure kile alichokuwa akikitunga kwa kalamu.

Ndani ya jumba hilohilo la watawala kuna kanisa la Santa Barbara, lililojengwa na Giovanni Battista Bertani miaka ya 1560, lenye kinanda cha mabomba cha Graziadio Antegnati cha mwaka 1565. Baadhi ya funguo zake nyeusi zimegawanywa mbili, kwa sababu kwa mpangilio wa sauti wa wakati ule re kali na mi bapa zilikuwa noti mbili tofauti. Hilo kinanda cha leo hakiwezi kukuonyesha.

Kisha nenda Palazzo Te, jumba jingine la Gonzaga, kwenye Chumba cha Majitu alichokichora Giulio Romano na wasaidizi wake kati ya 1532 na 1535. Pembe zimeviringishwa, ukuta na dari vimekuwa kitu kimoja ili mtazamaji aone milima inamwangukia. Umbo hilo lililokusudiwa kudanganya jicho linabeba sauti pia. Simama pembe moja ukitazama ukuta, mwenzako pembe ya kinyume, mnong'oneze. Atakusikia. Chumba kikijaa watu jaribio linashindikana, kwa hiyo nenda asubuhi mlango unapofunguliwa.

Jioni, kama kuna onyesho, nunua tiketi ya ukumbi mdogo wa Teatro Bibiena. Antonio Galli Bibiena aliukamilisha mwaka 1769, wote roshani za mbao, kwa watu wasiofika 400. Mozart alipiga humo tarehe 16 Januari 1770, bado siku chache kutimiza miaka 14.

Opera kubwa je?

Kama moyo wako uko kwa watunzi wa opera Verdi na Puccini, miji hii mitatu itakuacha na njaa, isipokuwa jumba la opera la La Fenice la Venezia, ambako Rigoletto ya Verdi ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1851 na La traviata yake mwaka 1853. Jengo liliungua mwaka 1836 na tena mwaka 1996. La sasa lilifunguliwa 2003. Vinginevyo nenda San Carlo ya Napoli, ya mwaka 1737, au La Scala ya Milano, ya 1778. Zote mbili zina umbo la kiatu cha farasi na vyumba vidogo vya watazamaji pembeni. Usinunue kiti cha nyuma ndani ya chumba cha pembeni: utaona nusu ya jukwaa, na kitambaa cha kuta kitameza sauti za juu. Ghorofa ya juu kabisa ni bei ya chini, jukwaa linaonekana kwa shida, lakini sauti inakufikia.

Uamuzi, kwa mtu na mtu

Mwalimu wa kwaya: Venezia. Na kabla ya safari, jaribu nyumbani. Gawa kwaya makundi mawili ya watu wasiopungua wanane, kila kundi na sauti zote nne. Anza kwa umbali wa mita 6, zaburi ya mistari ya kupokezana, polepole. Ukishatulia, sogeza hadi mita 20. Hapo tatizo litajitokeza. Sauti huchukua kama sekunde 0.06 kuvuka mita 20. Kundi la pili likifuata sikio linachelewa kiasi hicho, na aliyeketi karibu na kundi la kwanza atasikia ucheleweshaji mara mbili, 0.12. Kwaya itazidi kuburura hadi wimbo ulegee. Tiba ni kuimba kwa kufuata mkono, siyo sikio: mwongozaji mmoja anayeonekana na wote, au wa pili anayeiga mkono wa kwanza huku akijizuia kusikiliza. Kabla ya kundi la pili kuingia, acha mwangwi wa la kwanza ushuke hadi maneno yasigongane.

Mchoraji, mchongaji, mwanafunzi wa usanifu majengo: Firenze, siku mbili, lakini ongeza nusu siku ya San Francesco della Vigna ukipitia Venezia. Treni ya haraka kati ya miji hiyo huchukua saa mbili na dakika chache.

Mwimbaji wa peke yake, mpiga kinubi au gita, mtu wa maigizo: Mantova. Ukitoka Venezia utabadilisha treni Verona. Ukifika na mchana mmoja tu, ingia jumba la watawala kwanza, Palazzo Te baadaye, na Orfeo uisikilize ndani ya treni unapokuja, siyo unaporudi.